Ngũgĩ wa Thiong'o na Hadithi za Watoto: Suala la Lugha ya Msomaji Mdogo

UTANGULIZI

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, tarehe 5 Januari 1938 na kufariki dunia Marekani tarehe 28 Mei 2025, hutajwa kwanza kuwa mwandishi wa riwaya, tamthilia na insha. Vitabu vyake vya watoto, yaani mfululizo wa Njamba Nene, aghalabu huwekwa pembeni kana kwamba viliandikwa ili kupumzisha kalamu baina ya kazi moja kubwa na nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Ni katika vitabu hivyo ambamo hoja yake kuu juu ya lugha ilitiwa mizanini, kwani lugha isiyosomwa na watoto haiwezi kutarajia kuwa na wasomaji kesho.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi mahali kama Mutuini, ambayo leo ni wadi mojawapo ya Dagoretti Kusini, magharibi mwa jiji la Nairobi. Zamani za ukoloni sehemu hiyo ilihesabiwa katika Wilaya ya Kiambu, na wenyeji wake wakisema Kigĩkũyũ sawa na jirani zao wa Kikuyu na Limuru. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963, Dagoretti ikaingizwa jijini. Hivyo mtoto wa Mutuini akawa mtoto wa mji bila ya wazee wake kuhama shamba lao. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba lugha itumiwayo zaidi katika eneo la shule iwe lugha ya kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, na kwamba penye mchanganyiko wa makabila kitumike Kiswahili. Swali likabaki: je, Mutuini ihesabiwe kuwa kijiji au mji? Na mtoto wake apewe kitabu cha lugha gani mkononi?

MALEZI NA ELIMU YA MWANDISHI

Ngũgĩ mwenyewe alilikabili swali hilo akiwa mwanafunzi. Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kamandũra, kisha akahamia Manguo, shule iliyoendeshwa na Wagĩkũyũ wenyewe chini ya harakati za shule za Karĩng'a. Huko Manguo Kigĩkũyũ kilipewa heshima darasani. Mwaka 1952 ilipotangazwa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilizitwaa shule za namna hiyo, na Kiingereza kikawa ndicho kipimo cha akili ya mtoto. Aliyenaswa akisema lugha ya mama yake aliadhibiwa, na watoto wakafunzwa kupelelezana. Habari hizo Ngũgĩ alizieleza kwa urefu katika kitabu cha insha, Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986.

Kuanzia mwaka 1955 alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu, jirani na Dagoretti. Baadaye alikwenda Makerere, na kutoka huko hadi Leeds, Uingereza. Riwaya zake za mwanzo, Weep Not, Child (1964), The River Between (1965) na A Grain of Wheat (1967), zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Yafaa ikumbukwe kwamba riwaya ya kwanza kati ya hizo yahusu mtoto, Njoroge, mwenye kiu kubwa ya elimu. Kwa hiyo mtoto alikuwamo katika sanaa ya Ngũgĩ tangu mapema. Lakini mtoto wa kijijini asiyejua Kiingereza hakuweza kujisoma humo.

KUTOKA KAMĨRĨĨTHŨ HADI KAMĨTĨ

Mwaka 1968, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe, ili fasihi ya Kiafrika, na hasa fasihi simulizi, iwe kiini cha mafunzo. Waraka huo uliwahusu wanafunzi wa chuo. Hatua iliyoyafikisha mawazo hayo kwa wakulima na wafanyakazi ni tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Maonyesho yalipigwa marufuku, na mwishoni mwa mwaka huo mwandishi akawekwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Katika gereza la Kamĩtĩ aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni. Aliachiliwa Desemba 1978, na riwaya hiyo ikachapishwa mwaka 1980.

Mwaka 1982 jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa, na Ngũgĩ akaanza maisha ya uhamishoni. Mwaka huo huo Heinemann ya Nairobi ilitoa kitabu chake cha kwanza cha watoto, Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu. Sadfa hiyo ina maana yake. Jukwaa huweza kubomolewa kwa siku moja. Kitabu kidogo cha watoto, kwa upande wake, huingia nyumbani mfukoni mwa mtoto, na humo kikasomwa kwa sauti mbele ya nyanya asiyejua kusoma.

VITABU VYA NJAMBA NENE

Njamba Nene, ambalo maana yake ni shujaa mkubwa, ni jina la mtoto maskini avaaye matambara na kuchekwa na wenziwe shuleni. Katika kitabu cha kwanza, basi lililowachukua wanafunzi laota mabawa, laruka, na kuwatua msituni. Huko elimu ya darasani yawatupa mkono wale waliokuwa wakisifiwa. Anayewaokoa ni Njamba Nene kwa maarifa aliyofunzwa na mamaye. Kitabu cha pili, Bathitoora ya Njamba Nene (1984), chamwingiza mtoto huyo katika mapambano ya Mau Mau kwa bastola iliyofichwa ndani ya mkate. Cha tatu, Njamba Nene na Cibũ Kĩng'ang'i, kilitoka mwaka 1986 na chamhusu chifu aitwaye Mamba.

Kwa mwanaisimu, majina yenyewe ni somo. Kigĩkũyũ hakina sauti s wala f katika maneno yake ya asili. Basi limekuwa mbaathi, bastola imekuwa bathitoora, na chifu amekuwa cibũ. Katika bathitoora, irabu imepachikwa kati ya konsonanti mbili ili kila silabi iwe wazi, kama ada ya lugha za Kibantu. Umbo la maneno mbaathi na bathitoora ladokeza kwamba yalipitia Kiswahili. Ngũgĩ hakuyakwepa maneno hayo ili kutafuta usafi wa lugha. Alimwandikia mtoto Kigĩkũyũ kilichokwisha kukutana na barabara, serikali na soko, yaani Kigĩkũyũ kama kinavyosemwa Mutuini.

MATATIZO YA USOMAJI

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba kuandika tu kulitosha. Mtihani ndio uendeshao soko la vitabu vya watoto nchini Kenya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa pamoja na Kiingereza. Lugha za mama hazikuwamo katika mtihani wa taifa. Mzazi mwenye fedha kidogo hununua kwanza kile kitakachomsaidia mtoto kufaulu. Wasomaji walio nje ya Ugĩkũyũ walimfahamu Njamba Nene kwa tafsiri za Kiingereza za Wangũi wa Goro, zilizoanza kutoka mwaka 1986.

Yupo atakayesema kwamba darasa la Nairobi lina watoto wa makabila mengi, na kwamba kitabu cha Kigĩkũyũ kitawatenga baadhi yao. Hoja hiyo ni nzito, wala haiondolewi kwa kutaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo yaitaka serikali kukuza na kulinda lugha zote za wananchi. Jibu la Ngũgĩ lilikuwa tafsiri. Hadithi yake fupi Ituĩka rĩa Mũrũngarũ, inayoeleza kwa nini binadamu hutembea wima, ilitolewa na Jalada mwaka 2016 pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Baadaye idadi ikapita 100. Hadithi iliyozaliwa katika Kigĩkũyũ ikawafikia watoto wengi bila ya kuacha lugha yake.

HITIMISHO

Safari ya Ngũgĩ kama mwandishi wa watoto yafundisha mambo mawili. Kwanza, utetezi wa lugha usiofika kwa mtoto ni utetezi wa wasomi peke yao. Pili, kitabu cha lugha ya mama chahitaji daraja la kukifikisha kwa jirani. Kwa Afrika ya Mashariki daraja lililo karibu ni Kiswahili, ambacho kilikwisha kuipokea Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa jina la Shetani Msalabani mwaka 1982. Idara za lugha zinao wanafunzi wanaojua Kigĩkũyũ, Kiluo, Kikamba na lugha nyinginezo barabara. Wakifunzwa kutafsiri hadithi za watoto moja kwa moja kutoka lugha hizo hadi Kiswahili, pasipo kuzungukia Kiingereza, mtoto wa Mutuini ataweza kusoma kwa lugha ya nyanya yake, na mwenziwe wa dawati moja asiyeijua lugha hiyo ataisoma hadithi ile ile siku ile ile.