Irabu Inayobeba Kifungo: Utohozi wa Majina ya Kampaundi za Kaboni katika Kiswahili

Istilahi za kemia zinapoingizwa katika Kiswahili, mtohoaji hulazimika kuamua kama atafuata matamshi ya Kiingereza au maandishi yake. Katika majina ya elementi uamuzi huo hauna madhara makubwa: *hidrojeni* na *haidrojeni* hutumika sambamba bila kumpotosha msomaji. Katika majina ya kampaundi za kaboni hali ni tofauti, kwa kuwa huko irabu moja hubeba maana ya kikemia.

Chanzo chake ni muundo wa atomi. Atomi ya kaboni ina elektroni 6, na 4 kati ya hizo zimo katika ganda la nje. Hizo 4 huiwezesha kuunda vifungo vinne. Hivyo atomi mbili za kaboni zaweza kuunganishwa kwa kifungo kimoja, viwili au vitatu. Jina la kampaundi hueleza hayo kimofolojia. Mzizi hutaja idadi ya atomi za kaboni: *meth-* moja, *eth-* mbili, *prop-* tatu. Kiambishi hutaja aina ya kifungo. Mwaka 1866 mwanakemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann alipendekeza viambishi hivyo vifuate mpangilio wa irabu *a, e, i, o, u* kadiri hidrojeni inavyopungua.

Matamshi ya Kiingereza huuficha mpangilio huo. Anayetohoa kwa sikio hupata *propeni* kwa C3H8, *propini* kwa C3H6 na *propaini* kwa C3H4. Anayefuata maandishi hupata *propani*, *propeni* na *propini* kwa kampaundi hizohizo. Kwa hiyo *propeni* ya mmoja siyo *propeni* ya mwingine. Tofauti hiyo si ya tahajia tu: C3H6 huondoa rangi ya maji ya bromini hata gizani, ilhali C3H8 haiondoi. Mwanafunzi anayetumia vitabu viwili vyenye kanuni tofauti anaweza kujibu kwa usahihi na bado akakosolewa.

Fonolojia ya Kiswahili inaunga mkono utohozi wa maandishi. Lugha hii ina irabu tano zilezile, na mzungumzaji wake amezoea kutofautisha maana kwazo, kama katika *panda*, *penda* na *pinda*. Irabu *-i* ya mwisho, inayoongezwa ili silabi iwe wazi, haina maana ya kikemia. Kuongezwa kwake husogeza irabu ya kiambishi hadi silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo ndiyo hubeba mkazo: *proPAni, proPEni, proPIni*. Kanuni hiyohiyo huzaa *propanoli* kwa alkoholi na *propanali* kwa aldehaidi.

Kwa hiyo, majina haya hayafai kutoholewa moja moja. Yanaunda mfumo, na kanuni ya utohozi haina budi kuchaguliwa kwa ajili ya mfumo mzima.