Mazoea ya Kila Siku Yanayoulinda Moyo

Ndugu zetu, wengi wetu huukumbuka moyo pale kifua kinapobana. Lakini presha, iliyo miongoni mwa sababu kubwa za maradhi ya moyo na kiharusi, mara nyingi haiumi wala haitoi dalili. Ndiyo maana kinga yake huanza nyumbani, mtu angali mzima.

1. Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Humo imo pia ya kwenye mkate, vidonge vya supu na papa mkavu. Tuiondoe mezani, ndimu, tangawizi na kitunguu thomu vinatosha kuleta ladha.

2. Mafuta: Sambusa na bajia zisiwe za kila siku. Samaki tumchome au tumpike mchuzi.

3. Kutembea: Dakika 150 kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Anayeweza kwenda msikitini kwa miguu, aiache gari.

4. Tumbaku: Sigara na shisha huharibu mishipa ya damu. Tuziache kabisa.

5. Kupima: Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, tumuone daktari. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa anajihisi vizuri. Ramadhani ikikaribia, aulize namna ya kupanga saa zake.

Na anayebanwa kifua ghafla huku akitokwa na jasho, akimbizwe hospitali. Asisubiri kukuche.