Kampemba: Kwa nini PlayStation 2 bado inazaa pesa

Mchezo mpya wa kabumbu wa EA Sports FC kwa PlayStation 5 huuzwa karibu dola 70 unapotoka, na kila mwaka hutoka mwingine. Katika komine ya Kampemba, mjini Lubumbashi, kijana anayefungua chumba kidogo cha michezo hawezi kuzirudisha pesa hizo upesi. Katika mitaa kama Bel-Air, anachotafuta ni mchezo utakaochezwa na watu wengi kwa muda mrefu.

Hapo ndipo mashine ya zamani ya Sony inapopata nguvu. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na utengenezaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013. Haihitaji intaneti, na inaungwa kwenye televisheni nyingi za zamani.

Lakini hesabu kubwa ni ya umeme. Kila mkaaji wa Lubumbashi anajua jinsi umeme wa SNEL unavyoondoka bila kuaga. PlayStation 2 ile nyembamba haifiki wati 50. PlayStation 5 hukaribia wati 200 mchezo ukipamba moto. Kwa mwenye betri na paneli ya jua, tofauti hiyo ni saa za kazi. Tuseme mechi ya dakika 10 inalipiwa franka 500: betri ikidumu saa 2 zaidi, ni franka 6.000 zilizookolewa jioni moja.

Na mchezo wenyewe? Kwangu hakuna unaoishinda PES 6 ya Konami, ya mwaka 2006. Wachezaji wake karibu wote wamestaafu, sawa, lakini inakuruhusu kubadili majina na jezi. Mwenye subira ataivalisha timu moja milia nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe na kuandika kikosi cha leo. Asisahau kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8; bila hiyo, kazi yote inapotea mashine ikizimwa.

GTA San Andreas ya 2004 ni ndefu ajabu, ila hadithi yake ni ya mtu mmoja: akishika maneti, wengine wanaondoka. Nyumbani inafaa, kwa watu wazima tu. Si mchezo wa watoto.

Wenye simu wajihadhari na neno "bure". eFootball, iliyorithi PES mwaka 2021, hailipiwi kuipakua, lakini inakula mega nyingi, na kila toleo jipya linakula tena. Mtandao ukiyumba, mechi na mpinzani wa mbali inakatika. Mega hizo zimenunuliwa kwa pesa ya nani?

Afadhali kulipa mara moja. Stardew Valley, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone, huuzwa karibu dola 5 kwa simu. Ukishaipakua, unalima, unafuga na kuvua samaki miezi na miezi bila mtandao. Kwa asiye na kadi ya benki, kuilipia ndiyo kazi.

Anayenunua PlayStation 2 ya mtumba aiwashe palepale kwa muuzaji, aweke diski na kucheza walau nusu saa. Lenzi iliyochoka husoma vizuri mwanzoni, kisha hugoma ikipata joto. Ajaribu pia matundu yote mawili ya maneti, kwa sababu chumba cha michezo chenye tundu moja zima hakina mechi ya kuuza.