Je, Wajua? Nyanya Ndiye Staa wa Filamu!

Sogea kidogo tukae wote kwenye benchi, maana ya leo ni moto!

Je, wajua Malawi haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1999? Nyanya wa Lilongwe mwenye miaka 70 leo alikuwa ameshavuka 40 nchi yake ilipoanza kurusha picha. Ndiyo, 1999!

Je, wajua Dzaleka, hapa Malawi, ilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda? Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, na leo watu zaidi ya 50,000 wanaishi mahali palipopangwa kwa 10,000 hivi. Na Tamasha la Tumaini la hapa kambini lilipoanza 2014, watu wa Lilongwe nao wakaanza kufunga safari ya kama kilomita 50 kuja kucheza ngoma na sisi.

Haya, filamu sasa. Wamjua Priscilla Sitienei wa Ndalat, kule Nandi, Kenya? Alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60, kisha, akiwa ameshapita miaka 85, akavaa sare na kuingia shule ya msingi. Darasani walikuwamo vilembwe wake. Tena baadhi ya wanafunzi wenzake ni yeye aliyewapokea walipozaliwa! Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kuandika ujuzi wake wa ukunga. Mfaransa Pascal Plisson akamtengenezea filamu, Gogo, ya 2021. Mwaka uliofuata nyanya huyu alifariki akiwa na miaka 99, na bado alikuwa anajiandaa kwa mitihani. Mitihani, ndugu yangu!

Na Mary Twala wa Afrika Kusini je? Katika This Is Not a Burial, It's a Resurrection ya 2019, yeye ni mjane wa miaka 80 anayekataa makaburi ya kijiji chake yafunikwe na maji ya bwawa. Alikuwa anajiandaa kufa, ghafla anapata jambo la kupigania. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza kabisa ambayo Lesotho iliipeleka kuwania Oscar! Twala alifariki Julai 2020, akiwa na miaka 80 kama mhusika wake.

Tanzania nayo? Filamu yake ya kwanza kupelekwa kuwania Oscar ni Maangamizi, ya 2001. Anayeibeba ni Profesa Amandina Lihamba, wakati huo ameshavuka 50, akiwa Samehe, mwanamke aliyekaa kimya miaka mingi hospitalini hadi mzimu wa bibi wa kale unapomwita.

Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, humkosi. Umri wake hasa hakuna aliyeujua, ila wengi walimkadiria kupita 90. Mwaka 2005 akachukua tuzo ya muziki ya WOMEX kule Uingereza, na 2006 ikatoka filamu juu yake, As Old as My Tongue.

Ng'ambo sasa, shika benchi! June Squibb wa Marekani alipata nafasi yake ya kwanza ya kuwa mhusika mkuu wa filamu akiwa na miaka 93. Ni Thelma, ya 2024: nyanya anatapeliwa pesa kwa simu, anatoka mwenyewe kuzifuata.

Je, wajua Diana Nyad aliogelea kutoka Cuba hadi Florida akiwa na miaka 64? Kilomita kama 177, saa kama 53 majini! Umbali huo ni zaidi ya mara mbili ya upana wa Ziwa Malawi pale lilipo pana kuliko kote. Filamu ni Nyad, ya 2023, na mwigizaji Annette Bening ndiye aliyeingia majini.

La mwisho, nalo ni la hapa hapa Malawi. Tarehe 7 Aprili 2012, Joyce Banda aliapishwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza Malawi na, ukiwaacha waliokaimu, wa pili kuchukua kiti hicho Afrika baada ya Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Alikuwa na miaka 61, zikiwa zimebaki siku 5 tu atimize 62! Wenye kamera, mnasubiri nini?