Gari Kuukuu Litikisikapo kwa Mwendo wa Kasi

Dereva atokaye Mpumudde asubuhi, akashuka hadi mjini Jinja kwa shughuli zake na kurejea jioni, aweza kuendesha gari lake miezi mingi bila kutambua kuwa lina maradhi. Katika mitaa hiyo mwendo ni mdogo, na gari hunyamaza. Maradhi hujidhihirisha siku ya safari, familia imekwisha kupanda na mizigo imefungwa, gari limeipita Kakira kuelekea Iganga na mshale wa spidi umekaribia 80. Hapo ndipo kiti au usukani uanzapo kutetemeka. Kufikia 90 vyombo vilivyomo kikapuni vinagongana. Mwendo ukipunguzwa, kimya hurudi, na kwa sababu hiyo wengi hulipuuza jambo lenyewe mpaka safari nyingine.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingizwa nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15, lakini yale yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na mengi yao ni ya askari, walimu na wafanyabiashara wadogo. Tuchukue mfano wa koplo aliyenunua Toyota kuukuu, ya aina ile ambayo magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Gari linatikisika, anashauriwa anunue tairi nne mpya. Karo ya watoto inaingia katika tairi, na siku ya pili gari linatikisika vilevile. Fedha imekwenda kabla ya ugonjwa kujulikana.

Heri kuanza na hesabu. Tairi ya gari dogo la namna hiyo ina mzingo wa karibu mita 1.9. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara 13 hivi katika kila sekunde. Ule mhimili mrefu upitao chini ya sakafu kutoka giaboksi hadi difu, ambao mafundi huuita propela, huzunguka takriban mara nne zaidi, yaani mara 52 kwa sekunde. Basi kasoro ya gurudumu husikika kama mtikisiko wa polepole zaidi. Kasoro ya propela huwa kama mvumo au ganzi inayopanda kutoka sakafuni hadi nyayoni. Tofauti hiyo peke yake huokoa fedha nyingi.

Hata hivyo, tairi ndizo za kutazamwa kwanza, kwa kuwa ndizo ziuazo upesi. Kila tairi ipapaswe kwa kiganja mzunguko mzima, nje na ndani. Uvimbe wowote maana yake nyuzi za ndani zimeachana, na tairi hiyo isiende tena safari hata kama kashata zake ni nene. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho zionyeshazo wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nati zote zikazwe. Kisha rimu zioshwe kwa ndani. Msimu wa mvua, gari lililopita njia za mashamba ya miwa hubeba tope ambalo likikauka upande mmoja wa rimu huharibu mizani ya gurudumu kabisa, na si ajabu tiba nzima ikawa ndoo moja ya maji na brashi.

Iwapo mtikisiko umebaki, magurudumu ya mbele yahamishiwe nyuma na ya nyuma yaletwe mbele. Kazi hii haina gharama. Mtikisiko uliokuwa usukanini ukihamia kitini, mwenye kosa ni gurudumu au tairi, akapelekwe kwenye mashine ya kusawazishia. Usipobadilika hata kidogo, mtu asipoteze wakati zaidi na tairi.

Sasa injini iulizwe. Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru, injini izungushwe kwa kasi ileile iliyokuwa nayo safarini. Ikitetemeka, tatizo li kwenye injini yenyewe, flaiwili, au mipira inayoibeba. Ikitulia, shuhuda wa pili yupo barabarani. Panatakiwa mahali tambarare pasipo na watu wala magari, kama vile sehemu zilizonyooka za barabara ya Tirinyi iendayo Mbale, wakati wa mchana. Dereva afikishe mwendo ule wa kutikisika, kisha atoe gari katika gia na kuliacha liende lenyewe kwa sekunde chache. Injini isizimwe kamwe: breki hupoteza msaada wake, na ufunguo ukirudishwa sana usukani waweza kujifunga. Mtikisiko ukiendelea ilhali injini imeshuka, injini haina hatia. Ukikoma mara tu mguu uachapo mafuta, na kurudi mguu ukanyagapo, basi shaka inaangukia propela, krosi zake na beringi ya mbele ya difu, kwa maana hizo ndizo zinazobeba mzigo wa kusukuma.

Krosi ndiyo inayostahili maneno zaidi. Ni msalaba mdogo wa chuma unaoiwezesha propela kujikunja pale gari lipandapo na kushukapo. Kila krosi iliyo katika pembe huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili huifuta kasoro hiyo, mradi pembe zilingane na uma za ncha mbili ziwe katika mstari mmoja. Springi za nyuma zikilegea kwa mizigo ya miaka, au mpira wa giaboksi ukikatika, pembe hazilingani tena. Hiyo ndiyo sababu gari jingine hutulia likiwa na dereva peke yake na kuvuma likiwa na abiria watano.

Uchunguzi wake ni rahisi. Gari liwe mahali sawa, injini imezimwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe pande zote, gia iwe huru. Propela ishikwe kwa mikono miwili na kuzungushwa huku na huku. Krosi nzima haina mchezo wowote. Vumbi jekundu la kutu kandokando ya vikombe vyake huonyesha kuwa grisi imekauka na vijiti vya beringi vinasagika. Mlio mkavu wakati wa kuhama kutoka gia ya kurudi nyuma kwenda ya mbele ni onyo lilelile. Krosi ya mbele ikikatika kwa kasi, ncha ya propela huanguka na kuweza kuchoma lami, ikaliinua gari lote. Ama ikapiga mabomba ya breki na ya mafuta. Gari lenye krosi iliyolegea livutwe hadi gereji.

Kabla fundi hajafungua boliti hata moja, atie alama ya tindo kwenye propela na kwenye sahani ya difu, ili virudi kama vilivyokuwa. Propela iliyorudishwa kinyume yaweza kutikisika kupita mwanzo, na mwenye gari akaambiwa krosi mpya ni mbovu. Pia atazame kama kuna kibati cha mizani kilichobanduka, ambacho huacha alama safi ya mraba kwenye bomba, au kama bomba limebonyea kwa jiwe au jeki. Kazi ikiisha, jaribio lifanywe katika barabara ileile, kwa mwendo uleule na uzito uleule wa abiria, na boliti zikaguliwe tena baada ya siku chache.