Takwimu Hutabiri Kutokana na Yaliyoandikwa

Katika mikutano ya polisi na jamii, swali moja hurudi mara kwa mara: kuna faida gani kwenda kituoni kuripoti simu iliyoporwa au kuku walioibwa usiku, iwapo mali yenyewe haitarajiwi kupatikana? Ni swali la haki. Jibu lake halimo katika upelelezi wa kosa hilo moja tu, bali pia katika takwimu, yaani hesabu ya matukio mengi ambayo kwayo yajayo hukadiriwa.

Takwimu si ramli. Mtaalamu huchukua matukio yaliyopita, huyapanga kwa mahali, siku na saa, hutafuta mwenendo unaojirudia, kisha hukadiria uwezekano wa yatakayofuata. Kwa mfano, watafiti wamebaini kwamba nyumba iliyovunjwa, pamoja na nyumba zilizo jirani nayo, huwa katika hatari kubwa zaidi kwa siku au wiki chache zinazofuata. Sababu si ngumu kuielewa: mwizi amekwisha kuijua njia, mlango dhaifu na saa ambazo wenyeji hawapo. Polisi wanaoujua mwenendo huo wanaweza kupanga doria na kuwatahadharisha majirani mapema.

Hata hivyo, makadirio hayawezi kuwa bora kuliko kumbukumbu yaliyojengwa juu yake. Funzo hili lilionekana wazi nchini Marekani mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest, lililokuwa limetabiri kwa usahihi chaguzi kadhaa za urais, lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda. Siku ya uchaguzi, Franklin Roosevelt alipata ushindi katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa karatasi yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, watu waliokuwa na nafuu katika miaka ya dhiki. Tena, wengi wa walioletewa karatasi hawakujibu. Mwaka huohuo George Gallup aliuliza watu wachache sana kuliko hao, lakini waliochaguliwa kwa uangalifu zaidi, akamtaja mshindi kwa usahihi. Wingi wa hesabu haukufidia sauti zilizokosekana.

Kosa la namna hiyo laweza kuingia katika shughuli za usalama. Mwaka 2016, watafiti Kristian Lum na William Isaac walichukua kumbukumbu za polisi kuhusu dawa za kulevya katika mji wa Oakland, jimbo la California, wakazipitisha katika programu ya kutabiri uhalifu ili kuona ingeelekeza wapi doria. Makadirio ya utafiti wa kitaifa yalionyesha kwamba matumizi ya dawa hizo yalienea karibu kila upande wa mji. Programu, kinyume chake, ilielekeza doria katika mitaa ileile ambayo polisi walikuwa wamezoea kukamata watu, mitaa ya watu wa kipato cha chini na wengi wao wasio Wazungu. Hapo huzaliwa mzunguko: doria nyingi huleta ukamataji mwingi, ukamataji huongeza hesabu, na hesabu huita doria tena. Mtaa usioandikwa huonekana salama, na mtaa unaoandikwa sana huonekana muovu.

Kuna mpaka mwingine usiopaswa kuvukwa. Takwimu husema juu ya wengi, hazimhukumu mmoja. Polisi wa Chicago waliwahi kutumia orodha iliyowapa watu alama kulingana na uwezekano wao wa kuhusika katika matukio ya risasi, ama kama watendaji ama kama waathirika. Tathmini iliyotolewa mwaka 2016 haikuona kwamba orodha ya awali ilipunguza mauaji, na mpango huo ulisitishwa mwaka 2019. Hesabu inaweza kuonyesha barabara inayohitaji taa au saa inayohitaji doria. Haiwezi kuwa ushahidi dhidi ya kijana kwa sababu tu anaishi katika barabara hiyo.

Kutokana na hayo, wajibu uko pande mbili. Askari anayepokea taarifa anapaswa kuiandika kwa ukamilifu, pahali na saa, bila kujali udogo wa mali wala hali ya mlalamikaji, na kutoichukulia ramani ya uhalifu kama hukumu. Mwananchi naye anapaswa kuripoti kwa ukweli, kwa kuwa taarifa ya uongo hupotosha hesabu sawasawa na ukimya. Haja hii ni kubwa zaidi kwa ukatili wa majumbani na udhalilishaji wa watoto, makosa ambayo mara nyingi hufichwa kwa aibu au kwa hofu ya ndugu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa lisiloripotiwa haliachi alama katika daftari. Lisipokuwamo katika daftari, halimo katika mpango wa doria ya kesho. Huenda simu yako isirudi, lakini taarifa yako yaweza kuulinda mlango wa jirani.