Usinunue Sili Kabla Hujaitazama Shafti

Oili ikianza kuchuruzika kwenye giaboksi ya mashine ya kukamua alizeti, wazo la kwanza ni kumtuma kijana mjini Katesh akalete sili nyingine. Mzuie kidogo. Kwa mtu wa kijijini Balangdalalu, sili yenyewe ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Kinachokumaliza ni nauli, fundi, oili iliyokwisha kumwagika, na mashine kusimama huku wateja wakihamisha magunia yao kwa jirani.

Piga hesabu hii ya mfano, halafu uweke bei za duka lako. Sili nyepesi 4,000, nauli kwenda na kurudi 10,000, fundi 15,000, oili ya kujazia 8,000. Jumla 37,000. Ukichukua sili bora ya 7,000, jumla inakuwa 40,000. Sasa ile nyepesi ikifa kabla msimu haujaisha, unarudia safari yote na unafika 74,000. Umeokoa 3,000 ukapoteza 34,000, na hapo hatujagusa mapato ya siku ambazo mashine imelala.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe juu ya midomo. Sili ya mdomo mmoja ina ukingo wa mpira wenye springi ndogo, unaokaba shafti na kuzuia oili isitoke. Ya midomo miwili inaongeza ukingo mwembamba upande wa nje, usio na springi, ambao kazi yake ni kuzuia vumbi lisiingie. Kwenye sili nyingi herufi SC ni ya mdomo mmoja, TC ni ya miwili. Kwa vumbi letu la kiangazi, chukua TC kila inapopatikana, hasa ekseli za trekta na tela na chochote kinachofanya kazi shambani. Ya mdomo mmoja iachie sehemu iliyofunikwa, isiyofikiwa na vumbi.

Swali la pili ni aina ya mpira. Ule wa kawaida, naitrili, unavumilia oili na grisi vizuri hadi joto la nyuzi 100 hivi. Ukipita hapo kwa muda mrefu unakakamaa na kupasuka. Mpira wa floro unafika nyuzi 200, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ule wa kawaida, na duka dogo mara nyingi halina. Muuzaji akikuambia rangi ya kahawia ndiyo dalili ya mpira wa joto, usilipe kwa sababu ya rangi. Kiwandani wanaweza kutia rangi wanayotaka.

Je, ununue huo wa ghali? Mimi naangalia kazi ya kufungua. Sili ya giaboksi inayobadilishwa kwa kufungua puli moja, weka ya kawaida na uweke nyingine akiba. Sili ya nyuma ya injini ya trekta ni habari nyingine: kuifikia ni kulitenganisha trekta katikati, kazi inayogharimu kuliko sili zote utakazonunua mwaka huo. Hapo lipia mpira wa joto bila kusita, hata kama utasubiri mzigo wa basi kutoka Arusha.

Kabla ya kulipa chochote, toa sili ya zamani, safisha shafti, upitishe ukucha pale mdomo ulipokuwa unasugua. Ukucha ukinasa, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa palepale itavuja vilevile. Dawa ya bure ni kuiketisha sili mbele au nyuma kwa milimita mbili, kama tundu lina nafasi, ili mdomo upate chuma kisicholika. Ya bei ya kati ni kuvisha shafti pete nyembamba ya chuma. Ya ghali ni kujazia kwa kulehemu na kukereza upya. Wengine wanakimbilia hii ya tatu bila hata kuijaribu ya kwanza.

Tikisa na shafti kwa mkono. Ikicheza, beringi imechoka, na sili haiwezi kukaba kitu kinachoyumba. Tazama pia kitundu cha kupumulia cha giaboksi. Kikizibwa na matope, hewa iliyopata joto inaisukuma oili nje, na sili inasingiziwa.

Beringi nazo zina kinga zao. Yenye alama 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina vifuniko vya bati, na isiyo na alama iko wazi. ZZ inazunguka kwa wepesi zaidi, ila unga na vumbi laini hupenya pembeni ya bati. Kwenye roli za mkanda na magurudumu ya mikokoteni, 2RS inastahili nyongeza yake. Kwenye kinu cha kusaga, beringi ya hausingi yenye kitundu cha grisi ni bora, mradi ufute kitundu kabla ya kupiga bomba. Usipofuta, unaingiza vumbi kwa nguvu yako mwenyewe. Usipige kupita kiasi pia, kwa sababu grisi ikizidi inaisukuma sili itoke.

Vipimo huandikwa kwa milimita: 35-52-7 ni shafti, tundu, kisha unene. Chunga injini na matrekta ya zamani ya Kiingereza, yanayotumia inchi. Shafti ya inchi moja ni milimita 25.4, na ukiivisha sili ya 25 itakaba mno, ipate joto na kulika upesi. Muuzaji atasema "itaingia tu." Kuingia itaingia.

Kataa sili zilizotungwa kwenye waya kama shanga, maana waya unapinda mdomo. Bonyeza ukingo kwa kidole: ukirudi taratibu au ukionyesha nyufa, mrudishie. Kagua springi kama ina kutu.

Ukiagiza kwa simu, tuma picha ya namba na vipimo vyote vitatu, uulize mapema ada ya kutolea pesa, mzigo wa basi, na bodaboda ya kutoka stendi. Agiza sili mbili kwa safari moja. Dai risiti, na kabla hujatuma pesa mkubaliane kama kifaa kisichoingia kinarudishwa, na nauli ya kukirudisha ni ya nani.